Eda ya Kando ya Ziwa

Wifi yangu Mwatum aliweka kiti chake mlangoni kwangu siku ya pili baada ya hitima, akaketi, akatandaza khanga mapajani, na hapo hapo nikajua kuwa hakuja kunifariji. Alikuja kunichunga. Mume wangu Yussuf, ndugu yake, alifariki kaskazi ikiwa kali, na mimi nilikuwa edani: miezi minne na siku kumi bila hina, bila manukato, bila nguo ya mapambo, na kwa mujibu wa Mwatum, bila hata kuchungulia dirishani. Eda ya Mungu niliikubali kwa moyo mmoja. Ya Mwatum ndiyo iliyonishinda.

Naitwa Asma, mtu wa Wingwi, na kijiji kizima kinajua kwamba mdomo wangu hauna pazia. Yussuf alizoea kuniambia, "Asma, weye ukifa ulimi utachimbiwa kaburi lake peke yake," kisha hucheka mpaka akakohoa. Yeye alikuwa mtu wa mikarafuu. Tope hakulipenda, na katika miaka yote ya ndoa yetu hakutia mguu katika konde langu la mpunga zaidi ya kusimama pembeni na kunipa chai kwenye chupa.

Konde hilo liko kando ya ziwa letu. Watu wa bara wakiliona hucheka, maana kwao ziwa ni lile ambalo huoni ng'ambo yake, na hili letu ukisimama upande huu unaweza kumtukana aliye upande wa pili naye akakujibu. Lakini ndilo linalotulisha. Makonde yake hayana hati. Konde ni la aliyelipanda. Masika yakiingia likalala tupu hali ya kuwa mengine yamepandwa, mtu yeyote anaweza kutia mbegu yake, na tangu siku hiyo ni lake. Desturi hiyo ilikuwepo kabla ya babu zetu, na shemeji yangu Soud, mkubwa wa Yussuf, anaijua kuliko anavyoijua njia ya msikitini.

Mwaka juzi alifiwa Bi Suhaila, jirani yetu wa kondeni. Akakaa eda kwa adabu zote, na Soud akamwambia usijali, mie ntakupandia. Akampandia kweli. Bi Suhaila alipotoka edani akakuta konde lina mwenyewe, na mwenyewe si yeye. Tangu hapo hukata majani ya ng'ombe pembezoni mwa ziwa na kuwatazama wenzake wakivuna.

Basi Soud alipokuja kunipa pole mara ya tatu, akashusha sauti kwa huruma na kusema, "Shemeji, usijitie tabu. Weye kaa na eda yako. Lile konde, mie nipo," nilimkumbuka Bi Suhaila. Nililala na neno hilo, nikaamka nalo.

Kesho yake jua lilipokwisha kupanda nilivaa buibui langu kuukuu nikasimama mbele ya kiti cha Mwatum.

"Kwenda wapi?" akauliza.

"Ziwani."

"Ziwani! Na eda?"

"Nakwenda nayo. Haitobaki nyumbani peke yake."

Nikampita. Nilimsikia akiita majina ya mawalii wote anaowajua, na mengine nadhani aliyatunga papo hapo.

Siku hiyo ziwa lilikuwa limenywea hasa. Maji yalibaki katikati tu, mazito, na ukingo wote ulikuwa tope lililopasuka. Majani ya mayungiyungi yalikuwa yamekauka yakalala chini. Yangeyange wawili walisimama pale majini bila hata ya kuinamisha shingo, maana hakukuwa na cha kuinamia. Nililizunguka polepole, nikarudi nyumbani. Kesho yake nikaenda tena, na keshokutwa tena. Anayetaka kujua masika yanaingia lini lazima alitazame ziwa kila siku, kwa sababu masika hayaji na kupiga hodi. Leo ni tope kuwa na unyevu pale palipokuwa na vumbi jana. Kesho ni mdudu mmoja. Ukikosa siku mbili tatu umeshapoteza maneno, na huelewi tena linachosema.

Na kuna jambo jingine, nalo nitalisema wazi. Ndani ya nyumba nilikuwa natazamwa. Kila mwanamke aliyekuja kunipa pole alinipima: amelia vya kutosha au hakulia? Nikilia, wanaangaliana. Nisipolia, wanaangaliana. Kule ziwani, upande wa matete, hakuna aliyenipima, na huko ndiko nilikomlilia Yussuf kwa sauti, kamasi na yote. Yangeyange hawakujali hata kidogo.

Soud alilipeleka shauri kwa Shehe Hudhaifa baada ya sala ya Ijumaa, na alasiri wakaja wote wawili. Walikaa barazani. Mimi nilikaa nyuma ya mlango ulioachwa wazi nusu, na Mwatum kando yangu, akipumua kwa nguvu.

Shehe ni mtu wa maneno machache, na kabla ya kusema hukohoa kidogo. "Bi Asma, nimeambiwa watoka."

"Natoka, Shehe. Mchana mweupe. Sijipambi, sijitii hata mafuta yenye harufu. Nakwenda kondeni kwangu, narudi."

Akakohoa. "Zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, mwanamke mmoja aliyekuwa edani alitaka kwenda kuvuna tende zake. Mtu akamkemea. Mwanamke akaenda kumuuliza Mtume, naye akamwambia, nenda kavune tende zako. Huyo eda yake ilikuwa ya talaka. Lakini wanazuoni wengi wamesema hata aliyefiwa na mume anaweza kutoka mchana, akiwa na haja. Akiwa na haja, nasema."

Nilisikia Soud akijisogeza mkekani. "Basi haja iko wapi, Shehe, na mie nipo? Mie ntampandia. Mwanamke mwenye mtu wa kumfanyia hana haja ya kutoka."

Ulikuwa mtego mzuri, nilimpa haki yake. Nikinyamaza, haja imeondoka, na konde limeondoka nayo. Nikisema simtaki, nimemvunjia heshima mkubwa wa mume wangu, mbele ya Shehe, udongo wa kaburi haujakauka. Sisi tumefunzwa tangu utotoni kwamba jambo la namna hiyo humezwa. Bi Suhaila alimeza, na hadi leo anakata majani.

"Shehe," nikasema, "mie simwamini Soud. Akipanda mwaka huu hatonirudishia. Kama nasema uwongo, aitwe Bi Suhaila aulizwe konde lake liko kwa nani."

Hata Mwatum aliacha kupumua.

"Wanitukana mbele ya Shehe?" Soud alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Nimekutaja jina tu, shemeji. Kama jina lako limekuwa tusi, si mie niliyelitia."

Shehe alikohoa mara mbili. Kisha akasema, "Haja ipo. Atoke jua likishapanda, arudi kabla ya Magharibi." Akainuka, na kahawa yake ikabaki kikombeni.

Nilishinda, lakini ushindi huo ulikuwa na bei. Mwatum alibeba kiti chake akaenda zake. Wanawake wa ukoo wa Yussuf hawakutia tena mguu kwangu, na yale masahani yaliyokuwa yakiletwa yamefunikwa kawa yakakoma siku ile ile. Nilichemsha muhogo wangu nikala peke yangu. Iliniuma, sitodanganya. Nilikuwa nimewapoteza watu wa mume wangu katika msimu ule ule niliompoteza mume.

Nikazidi kutembea. Sasa nilichukua jembe, na kila nikimaliza kulizunguka ziwa nililima kipande cha konde, nikavunja madongoa, nikarudi. Tangambili ikaingia, upepo ukawa hauna msimamo: asubuhi unatoka kaskazini, jioni umekufa kabisa, joto likakaa juu ya maji kama kifuniko cha chungu. Siafu walihamisha mayai yao kutoka ukingoni wakapanda nayo juu kwenye michikichi. Matete yakatoa vichomozo chini, vidogo, vyekundu kwenye ncha. Siku moja nikamwona kereng'ende mmoja, mmoja tu, akizunguka juu ya maji kana kwamba amefika harusini kabla ya wenyewe. Nilicheka peke yangu. Mwanamke wa edani, vumbi mpaka magotini, anamcheka mdudu: kama Mwatum angeniona, angezimia.

Kisha mvua ikanyesha. Ilikuja mchana, kwa kishindo, ikapiga mabati mpaka ikafika magharibi, na asubuhi iliyofuata Wingwi nzima ilikuwa kondeni ikimwaga mbegu. Konde langu lilikuwa limelimika vizuri kuliko mengi. Sikupanda.

Soud alipita kwenye tuta, mikono nyuma. "Shemeji, masika yameingia."

"Yameingia kwako. Ziwani bado."

Alitabasamu, na tabasamu lile lilikaa nami siku nzima. Alikuwa akihesabu. Makonde yote yalikuwa yamepandwa isipokuwa langu, na kila siku nitakayochelewa ni siku anayoweza kuingia na kusema lilikuwa tupu. Lakini mbegu niliyokuwa nayo ilikuwa ya kupanda mara moja tu. Nami nilikuwa nimelizunguka ziwa asubuhi ile ile: maji hayakupanda hata upana wa kiganja, upepo ulikuwa bado wa kaskazi, mayungiyungi hayajatoa jani, na vyura walikuwa kimya. Mvua ile ilikuwa mpita njia tu, si masika.

Niliogopa. Watu hupenda kusimulia ujasiri wao bila kuitaja hofu, lakini mimi nitaitaja. Nilitembea nikiwa naogopa, nikarudi nikiwa naogopa. Jua likapiga siku baada ya siku. Mpunga wa jirani ulichipua, na mwingi ukasimama umegeuka njano. Sikufurahi, kwa sababu kile ni chakula cha watoto ninaowajua kwa majina. Lakini nilijua kwamba jicho langu halikunidanganya.

Nilipokuwa nikiamka kwa ajili ya Alfajiri, asubuhi moja, niliwasikia vyura. Hawakuwa wawili watatu wa kubahatisha. Walikuwa ziwa zima, wanapiga kelele kama watu wa mnada. Nilisali, nikakaa juu ya msala nikingoja jua lipande, na kungoja kule kulikuwa kugumu kuliko eda yote. Lilipopanda nilijitwika kikapu cha mbegu nikatoka. Upepo ulikuwa umegeuka, unatoka kusini, na mawingu yalikuwa yamelala chini upande wa bahari. Maji yalikuwa yamefika kwenye mizizi ya matete. Jani la kwanza la yungiyungi lilikuwa limekwisha kunjuka, bado lina tope mgongoni.

Na katikati ya konde langu alisimama Soud, na vibarua wawili, na gunia.

"Konde tupu, Bi Asma," alisema. Leo sikuwa shemeji tena. "Masika yameingia na watu wote wamepanda. Desturi waijua."

Wanawake wa makonde ya jirani walinyoosha migongo. Bi Suhaila alikuwa ng'ambo na mundu wake, naye akaacha kukata. 

Desturi niliijua. Niliijua na nyingine pia, ambayo kwetu mtoto hufunzwa kabla hajajua kufunga kamba za viatu: mbegu iliyokwisha kumwagwa haikanyagwi. Mwizi hatoikanyaga, adui hatoikanyaga.

Nikashusha kikapu. Nikachota konzi ya kwanza, na sikuanzia pembeni kama tunavyofanya siku zote. Nilimwaga miguuni pa Soud, mbele ya vidole vyake.

Akarudi nyuma hatua moja. Nadhani hata hakukusudia, miguu yake ilikumbuka malezi yake. Nikamwaga konzi ya pili pale alipokuwa ameihamishia miguu. Vibarua walitazamana, wakanyanyua gunia lao, wakapanda juu ya tuta. Soud alibaki peke yake, nami nikamfuata kwa mbegu, kushoto, kulia, mbele, bila haraka, naye akirudi kinyumenyume na kanzu ameishika mkononi, mpaka kisigino chake kikagusa tuta na akawa hana budi kupanda juu yake. Upande wa pili nilimsikia Bi Suhaila akicheka, kicheko kikubwa cha mtu aliyekisahau siku nyingi.

Juu ya tuta Soud aliiachia kanzu yake. "Siku arobaini za ndugu yangu zimepita juzi tu," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "nawe upo matopeni! Yussuf hukumpenda weye. Kama ungempenda ungekuwa ndani unamlilia."

Lilinipata. Mkono wangu ulisimama kikapuni, na nikawaona wanawake wote wakinipima tena.

"Nampenda," nikasema. "Ntamlilia mpaka na mie nizikwe. Lakini ntamlilia kwangu, Soud, nimeshiba wali wangu. Sitomlilia mlangoni kwako nikiomba wako."

Kisha nikachota konzi nyingine, maana nusu ya konde ilikuwa bado.