Kumuua Namba Moja

Bahizire, kapteni wa timu yetu ya mpira hapa Gitega, alimng'oa Elikana jino kwa ngumi. Elikana akaapa kumuua ndani ya kompyuta, kwenye programu ya JavaScript inayochapa majina ya wachezaji wa mechi. Jumamosi tungecheza na timu ya Muyinga mbele ya mama yake Elikana, aliyerudi majuzi kutoka Tanzania na alikuwa hajawahi kumwona mwanawe akicheza.

"Bahizire ndiye wa kwanza kwenye orodha," Elikana alisema akitema damu, huku akiandika amri ya kufuta, splice(1, 1). "Anzia moja, toa mmoja. Marehemu."

Mashine ikachinja. Bahizire akabaki mzima. Aliyefutika ni wa pili, Elikana mwenyewe.

"We, hii inahesabu kuanzia sifuri," nikampa rambirambi.

Akaipiga meza kwa kichwa. Karatasi ya majina ilikuwa imeshachapwa na iko mkononi mwa mwalimu wa timu.

"Elikana, umejitoa? Ni jino?"

Kukana kungekuwa kukiri kwamba ameichezea programu.

"Ndiyo, mwalimu. Ni jino."