Njia za Mwalimu Octave

Katika mtaa mzima wa Mususa, mjini Butembo, Mwalimu Octave peke yake ndiye aliyepanda kinga, yaani baiskeli, bila kubeba kitu. Kwa watu wengine, ukiona mtu anasukuma pedali, ujue nyuma yake kuna makaa, au bidoni za mawese, au mgonjwa amefungwa kwa kitenge asianguke. Mwalimu hapana. Kila Jumapili, misa ya kwanza ikiisha, alikunja suruali akapotelea milimani, na jioni alirudi na matope mpaka masikioni, mikono mitupu.

Aliyemcheka kuliko wote alikuwa Sikuli, fundi aliyemtengenezea kinga hiyo.

"Mwalimu, ulienda kuuzisha nini leo?"

"Hapana kitu, Papa Sikuli. Nilienda kutembea tu."

"Kutembea! Mutu muzima anachokesha chuma ya bure!"

Octave alicheka pamoja na watu wa kibandani, akaenda zake. Hakuwa mtu wa huku. Aliletwa kutoka Kasai kufundisha hesabu, kabla ya vita. Barua iliyomleta ilikuwa na tampon, muhuri wa serikali ya Kinshasa, na sasa Kinshasa ilikuwa upande mwingine wa vita. Mshahara haukuja tena, na nauli ya kurudi kwao hakuna aliyeijua. Wazazi wa wanafunzi ndio waliomlisha, huyu maharagwe, yule mihogo.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita ya pili ya Kongo. Jumatatu moja, Florentine, mke wa Sikuli, alipanda lori kwenda Kyavinyonge, kule ziwani, kununua samaki wakavu wa kuuza sokoni. Siku zote aliondoka Jumatatu, akarudi Jumatano. Jumatano hiyo lori halikurudi. Alhamisi asubuhi habari ikafika sokoni kabla ya mboga: risasi zimelia ziwani, watu wametawanyika, barabara imefungwa, hakuna gari linaloshuka wala linalopanda.

Sikuli alifungua kibanda chake siku ile kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Alishika gurudumu la mteja, akalizungusha, akalizungusha tena, hata mteja akamwambia, "Papa Sikuli, acha. Nitakuya siku ingine."

Ijumaa akasikia kwamba wengine waliokimbia walipitia Kasindi wakatokea Beni. Akaenda mbio parokiani, kulikokuwa na phonie, redio ya kuitana mbali. Padri wa hapo, Abbé Siméon, akaita Beni, akataja jina mara tatu. Walingoja. Sauti ikarudi ikikwaruza: "Florentine haiko. Narudilia: haiko." Sauti ile ilimaanisha tu kwamba hayuko Beni. Lakini Sikuli alitoka mle akiwa amesikia kwamba hayuko duniani.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya mikalitusi, alisimama mlangoni pa Octave, kofia mkononi.

"Mwalimu, banasema weye unajua njia zote za huku ku milima."

"Zote, hapana. Nyingi."

"Iko moja yenye kufika ku ziwa, yenye haipite ku barabara?"

Octave alimtazama, akaelewa. Habari za Florentine zilikuwa zimezunguka mtaa mzima. "Iko," alisema. "Ile njia ya zamani ya shamba ya kinkina, ile miti ya dawa ya malaria. Madaraja yake yalianguka, gari haipite tena, hata pikipiki haipite. Kinga inapita." Alichukua chaki akaanza kuchora sakafuni: kilima hiki, mto huu, hapa unageuka kushoto. Katikati ya mchoro akaacha. "Utapotea, Papa Sikuli. Acha twende wote wawili."

"Na masomo?"

"Kesho ni Samedi."

Sikuli alimwachia Julie, binti yake mkubwa, wale wadogo. Kulipopambazuka waliondoka, wakazunguka nyuma ya uwanja wa ndege wa Rughenda kwenye vichochoro vya mashamba, mbali na askari, na kabla jua halijakausha umande walikuwa wakipanda.

Hapo ndipo fundi alipojua kwamba kutengeneza kinga ni kazi moja na kuipanda mlimani ni kazi nyingine. Njia ilikuwa ya changarawe nyekundu, imekatwa ubavuni mwa mlima, majani yameota katikati. Hapakuwa na honi wala vumbi la malori, ni upepo tu na mawe madogo yakilia chini ya mipira. Sikuli alipumua kama mvukuto. Mwalimu alikwenda mbele polepole, kwa mwendo mmoja usiobadilika, akimngoja kwenye kila kona.

"Usishindane na mulima," alimwambia. "Pedali kidogo-kidogo. Na wakati tutashuka, ukae nyuma kabisa ku kiti, na usifinye frein ya mbele. Kokoto itakuangusha."

Sikuli alisikia, lakini mteremko wa kwanza ulipofika, miguu yake ilikuwa na haraka kuliko masikio. Aliiachia. Kinga ikakimbia, kona ikaja, akafinya breki ya nyuma: hakuna kitu. Mpira wa breki hiyo ulikuwa umelika hadi chuma, kwani kinga ya fundi ndiyo ya mwisho kutengenezwa. Akafinya ya mbele. Alichoona baadaye ni mbingu.

Octave alimkuta ameketi kwenye majani, goti linatoka damu, analia. Hakuwa akililia goti.

"Mwalimu, kama nitamukuta amekufa, nitaambia batoto namna gani?"

Octave aliinua kinga, akajaribu breki ya nyuma. Akaketi kando ya Sikuli. Halafu akasema, "Frein yako imekwisha. Tutaitengeneza na nini?"

Swali lile lilimrudishia Sikuli mikono yake. Alivua kiatu kimoja, vile viatu vinavyoshonwa kwa matairi ya gari, akakata kipande cha kisigino kwa kisu, akakichonga, akakibana mahali pa mpira uliokwisha. Akazungusha gurudumu, akafinya. Likasimama.

"Endelea," alisema.

Karibu na saa sita walitokea kwenye mgongo wa mlima. Chini yao nchi yote ilianguka, kijani juu ya kijani, na mwisho kabisa, chini sana, palikuwa na ziwa, jeupe kama bati jipya. Sikuli alizaliwa Butembo, na miaka yote alikula samaki wa ziwa hili. Hakuwahi kuliona kutoka hapa.

"Ndio huku unakuyaka kila dimanche?"

"Ndio huku."

"Juu ya sababu gani?"

Octave alifuta jasho. "Ku barabara, kila barrière, askari banauliza carte. Banasoma jina yangu, halafu banaangalia mimi: huyu si wa hapa, anatafuta nini? Huku hakuna mutu wa kuniuliza."

Sikuli aliinamisha kichwa. Alikumbuka vicheko vyote vya kibandani kwake. Kisha Octave akanyoosha kidole kuelekea chini.

Kwenye njia, kona tatu chini yao, watu walikuwa wakipanda. Mstari mrefu, mizigo kichwani, watoto migongoni.

Sikuli hakungoja. Safari hii alikaa nyuma ya kiti, akashuka akifinya breki ya kiatu chake, ikinuka mpira unaoungua. Alimfikia mzee wa kwanza.

"Papa, mulikutana na mama moya wa Butembo, anaitwa Florentine? Anauzishaka samaki."

Mzee alitikisa kichwa. Mwanamke aliyefuata alitikisa kichwa. Wa tatu alisema, "Kuko bengine nyuma." Sikuli alipita akitazama kila uso, kila kitenge. Mara mbili aliona kitenge cha Florentine, na mara mbili kilikuwa juu ya mtu mwingine. Mstari ukapungua. Kisha ukaisha. Mbele yake ikabaki njia tupu na kona moja ya mwisho.

Nyuma ya kona hiyo alisikia mtu akigombana na wenzake waliotaka kuendelea.

"Mi nilisema tupumuzike, tutapumuzika! Huyu mama anaweza kutembea tena namna gani? Muniache mimi na yeye, muende zenu!"

Sauti ile aliijua kwa miaka kumi na tisa, na waliogombezwa wakampita wakipanda. Florentine alikuwa ameketi kwenye jiwe, mguu mmoja umevimba na kufungwa kwa kipande cha kanga, na kando yake bibi kizee mmoja, Kahongya, ambaye alikuwa hajamfahamu hadi juzi porini. Florentine aliinua macho, akamwona mume wake akiwa na kiatu kimoja, goti la damu, kinga mkononi.

"Sikuli! Batoto umebaachia nani?"

"Julie," Sikuli alisema. Aliangusha kinga njiani, akapiga magoti, akamshika miguu yote miwili, ule mzima na ule mbovu, na Florentine akapiga kelele kwa maumivu, kisha akaanza kucheka, kisha wote wawili hawakujua tena kama ni kicheko au ni kilio. "Wasingya, Nyamuhanga," bibi Kahongya alirudia polepole, akimshukuru Mungu. "Wasingya."

"Samaki zote zilibakia," Florentine alisema baadaye, akipangusa uso.

"Zibakie."

Octave alifika, akasalimia kwa heshima, akampandisha bibi kwenye kinga yake. Florentine akakaa nyuma ya kinga ya Sikuli. Palipokuwa tambarare walipanda, palipokuwa mlima wakasukuma, wakalala kwa wakulima wa kahawa waliowapa maharagwe ya moto, na Jumapili mchana wakaingia Mususa. Watoto walikuja mbio hadi barabarani. Julie, aliyekuwa hajatoa chozi tangu Jumatano, alikaa chini akalia kwa sauti.

Habari ilizunguka upesi. Majirani wakaja na unga, na maziwa, na maswali. Walimkuta Sikuli amesimama mlangoni, goti limefungwa kitambaa cheupe.

"Kuyeni kesho," aliwaambia. "Analala."

Nao wakanyamaza, na kutoka chumbani wakamsikia Florentine akikoroma kama lori linalopanda mlima. Hakuna aliyeondoka haraka. Walisimama pale wakisikiliza.