Aproni ya Arobaini na Moja

Kizibo cha chupa ya chai kililia kwii gizani, kikanyamaza. Mama mkwe ameamka. Hunimiminia chai kabla taa haijawashwa, eti mkono wake unaijua njia ya kikombe.

"Umelala, mwanangu?"

"Nimeamka, mama."

"Basi kunywa. Leo ndiyo siku ya barua."

Barua ilikuwa chini ya mto. Nilikuwa nimeiandika mara nne, na mwalimu wangu wa masomo ya jioni akaisahihisha kwa penseli, kwa sababu, alisema, mtu mzima hachorwi kalamu nyekundu. Ilisema kwamba nina mimba ya miezi sita na naomba likizo ya uzazi ya wiki kumi na mbili, kama lisemavyo tangazo la nyuma ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo.

Kiwandani kwetu tunafua shuka za hoteli na za hospitali. Lile tangazo lilikuwa limefunikwa na makoti miaka na miaka. Mimi ndiye niliyeyaondoa makoti siku moja nikalisoma kwa sauti, wenzangu wakifunga aproni. Likizo ni ya mshahara kamili. Ni mara moja kila miaka mitatu. Maombi yafike ofisini miezi mitatu kabla ya kujifungua.

"Kamili?" aliuliza mwenzangu wa pasi, yule tunayemwita Redio. "Hebu rudia hapo. Mimi wanangu watatu nimewazaa kwa ruhusa ya kuumwa tumbo!"

Tulicheka mpaka kengele ikalia. Siku ile niliona hata herufi zile ndogo zimeandikwa kwa ajili yangu.

Karani wa ofisi alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Aliisoma barua yote, akasifu mwandiko, kisha akafungua kitabu kikubwa cha wafanyakazi.

"Arobaini na moja," alisema, akitazama namba kifuani mwa aproni yangu. "Likizo hii ulishachukua, dada. Ina miaka miwili na nusu sasa. Wiki zote kumi na mbili."

"Si mimi. Mimi hii ndiyo mimba yangu ya kwanza."

"Kitabu kinasema arobaini na moja."

Aligeuza kitabu nikakiona. Hakina majina, ni namba tu, na kwetu namba haifi. Mtu akiondoka, aproni yake, ufunguo wa kabati na bahasha ya mshahara vinamsubiri anayekuja. Siku niliyoajiriwa, msimamizi wa zamani alinionyesha ukurasa wa arobaini na moja, akasema tusiharibu karatasi mpya, weka sahihi hapo chini. Niliweka. Nilikuwa nimejifunza sahihi mwezi uleule, nikaichora vizuri, na mkia wake. Sasa iko pale chini ya sahihi ya mwanamke nisiyemjua, kama mtu mmoja aliyebadilisha mwandiko. Msimamizi mwenyewe alishastaafu, kahamia mbali kwa mwanawe.

"Mlete aliyekutangulia," karani alisema. "Niwaone wawili kwa macho yangu, niandike. Lakini mwisho wa maombi yako ni Ijumaa."

"Na nisipompata?"

Alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Unajua utaratibu. Anayejifungua bila likizo tunamhesabu kaacha kazi."

Na namba yake anapewa mwingine. Hakulisema hilo, na hakukuwa na haja.

Nilirudi kwenye pasi. Sikulia. Nilishika pembe zangu mbili za shuka, Redio akashika zake, tukalilisha roli la mashine ya pasi. Shuka liliingia na mikunjo, likatoka limenyooka. Likaja jingine. Mvuke ulinipiga usoni na sikuona kama ni wa moto. Redio aliniuliza mara mbili kuna nini, na nilipomweleza aliacha shuka likining'inia, akaenda ofisini na aproni yake. Sauti yake tuliisikia kupitia kuta mbili. Aliporudi alikuwa mdogo.

"Kaniambia kitabu hakisikii kelele," alisema.

Ni yeye aliyejua anapoishi yule mwanamke. Walimwita Kimya, na hata likizo yake hakumwambia mtu. Siku hizi anashona sare za shule nyumbani kwake, vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilikwenda Jumatano baada ya kazi. Alikuwa akitia uzi kwenye cherehani, na mtoto wake wa kike alikuwa chini ya meza akipanga vifungo kwa rangi.

Nilimweleza. Aliendelea kutia uzi muda mrefu kuliko uzi unavyohitaji.

"Dada, mimi niliondoka pale bila kuaga," alisema. "Nilirudi kutoka likizo, nikafanya kazi miezi mitatu, mtoto akaugua, sikwenda tena. Nikikanyaga ofisi ile watasema mengi."

"Sawa," nilimwambia. Kule darasani tulifundishwa jinsi ya kuandika maombi. Jinsi ya kumwomba mtu uso kwa uso hatukufika. Nilitaka kuinuka, miguu ikakataa. Ilikuwa imejaa kama mikate. Kimya aliitazama, akanisogezea kigoda, akaipandisha yeye mwenyewe mmoja mmoja. Tukakaa hivyo. Mtoto alinipa kifungo cha bluu.

Nyumbani mume wangu aliniuliza, "Atakuja?" Nilisema sijui. Yeye ni fundi rangi, na mvua zikianza hana ukuta wa kupaka. Mama mkwe alisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hata yeye hakujua nani hapo mgeni, nani mwenyeji.

Ijumaa, saa ya mapumziko, nilikwenda ofisini na barua yangu ileile. Nilikaa kwenye benchi nikitazama saa ya ukutani bila kuisoma. Kifungo cha bluu kilikuwa mfukoni mwa aproni, nilikuwa nakizungusha tu.

Mlango ulifunguliwa. Kimya aliingia kavaa gauni la kutokea, anamvuta mtoto mkono.

"Sikuwa na wa kumwachia," alisema, kama hilo ndilo kosa alilokuja kuungama. Kisha akamgeukia karani. "Arobaini na moja wa kwanza ni mimi. Likizo nilichukua mimi, kwa huyu hapa. Kama mna neno kuhusu nilivyoondoka, lisemeni kwangu."

Karani alimtazama yeye, akanitazama mimi. Kitabu kikiwa wazi mezani, alimpa Kimya kalamu na kipande cha karatasi. Sahihi yake ilitoka ileile ya juu, fupi, bila mkia. Karani alifunua kurasa moja moja mpaka akafikia ukurasa mtupu. Juu yake akaandika arobaini na moja, akasita. Alimwinamia mtoto, nusu utani, akanionyesha kwa ncha ya kalamu.

"Eti, bibie, huyu ni mama yako?"

Mtoto alitazama namba kifuani pangu, akatazama tumbo, akanitazama usoni taratibu, kama anayepanga vifungo.

"Huyu si mama yangu," alisema.