Kikohozi cha Baba Mkwe

Tangu aolewe, Ngenana alikuwa hajamaliza sala hata moja.

Kwao, kila alfajiri aliketi nyuma ya ghala la kahawa akazungumza na Mungu wake mpaka moyo ukatulia. Hapa ukweni nyumba ilijaa kama kikapu cha machungwa siku ya soko: mumewe, wifi yake Sabarita na watoto wake, mbwa mkubwa asiye na adabu, na baba mkwe, mjane. Ukifumba macho jikoni, mtu anauliza chumvi iko wapi. Ngenana akaanza kujiona mkavu, kama mche uliohamishwa ukasahauliwa kumwagiwa maji. Na kuomba aachwe peke yake aliona haya.

Ndipo akakiona kibanda cha kulindia machungwa, juu kabisa ya shamba, mahali ambapo mlima Sinabung unaonekana ukifuka moshi. Akawa anapanda huko jua halijachomoza. Lakini kila akishapiga magoti tu, njiani kikohozi: "Khm! Khm!"

Ni baba mkwe. Na kwa Wakaro, wenyeji wa milima hii ya Sumatra, mkaza mwana na baba mkwe hawasemezani ana kwa ana, wala hawakai wawili peke yao. Mwanamume hukohoa akikaribia, ili mwanamke ajue. Ngenana alikusanya kikoi chake, akatokea kwa nyuma, akakimbia kati ya michungwa kama mwizi. Kesho yake vilevile. Na kesho kutwa.

"Hanitaki kibandani kwake," alimwambia wifi yake wakichambua machungwa, machozi yakimlengalenga.

"Baba? Baba hata paka hamfukuzi, wifi."

"Basi niulizie."

"Muulize mwenyewe. Birika lipo."

Ndiyo desturi: asiyeruhusiwa kumsemesha mtu, hukisemesha kitu kilicho karibu, naye mwenyewe akasikia. Lakini Ngenana hakuthubutu. Asubuhi iliyofuata hakupanda, alibaki jikoni na Sabarita akipakua wali. Jua lilikuwa limeshatoka baba mkwe aliporudi, suruali imelowa umande hadi magotini. Akaketi mkeka wa pembeni, akawapa mgongo, akalikabili birika la kahawa.

"Wee birika," akasema, "hebu muulize yule bibie, mimi nguruwe mwitu?"

Sabarita akapaliwa.

"Muulize anakimbia nini kila siku! Mzee mzima nakaa njiani kwenye umande, niwarudishe wajukuu na lile jibwa wasimsumbue. Nikifika nakohoa kwa adabu, ajue ni mimi. Yeye huyoo! Leo nimelinda kibanda kitupu."

Uso ukamwaka Ngenana. Akalitazama birika.

"Birika," sauti ikamtoka kama ya kifaranga, "mwambie Baba nilidhani anataka nimpishe."

"Mwambie angengoja kwanza aone kama naingia!"

"Paza sauti, wifi," Sabarita akachokoza. "Birika lenyewe limezeeka, masikio mazito."

Wakacheka wote. Kisha sauti ya mzee ikashuka.

"Birika, wewe ulimjua mama wa nyumba hii. Alisali hapo hapo mekoni, vipande vipande. Mara ngapi nilimwitisha kahawa, Amina ingali mdomoni mwake! Hakunung'unika. Siwezi tena kumrudishia asubuhi zile." Akasafisha koo. "Mwambie huyo mtoto apande kesho. Na akiwa huko, anitaje."

Anitaje! Jina la baba mkwe halikuwahi kupita midomoni mwa Ngenana. Mkaza mwana mwenye heshima halitamki.

Kesho yake alipiga magoti kwenye mbao baridi za kibanda. Kikohozi kikasikika. Miguu ikataka kukimbia, lakini akabaki.

"Babu, tunapita tu!" sauti ya mtoto ikalia njiani.

"Pitieni kwingine. Hapa mtu ana mazungumzo."

Ngenana akatabasamu, macho kayafumba. Alikuwa na haja nyingi alizozilimbikiza tangu harusi, lakini kilichomtoka ni asante tu, asante juu ya asante: kwa nyumba iliyojaa, kwa wifi mwenye maneno, kwa kikohozi kile. Mbele za Mungu hakuhitaji birika. Akakaa muda mrefu, na hakuna aliyeuliza chumvi.

Mwishowe, kwa sauti ambayo hata michungwa haikuisikia, akalitamka jina.

"Terkelin, Bwana. Baba yangu. Umande usimuumize magoti."

Akamaliza. Akasema Amina yote.