Paa, Maji na Mguu Mmoja

Nawaandikia nyinyi mlioolewa kwenye ukoo wa Dou kama mimi, hasa wenye watoto wanaokaribia kuchukua kitambulisho. Shule niliishia darasa la sita, lakini hili nimeliona kwa macho.

Jina la ukoo la waume zetu huandikwa kwa alama moja ya Kichina isiyopatikana kijiji kingine: paa, chini yake maji, ndani ya maji mguu mmoja. Zamani mafuriko yalipoingia kijijini, majirani walikimbilia mlimani. Bibi wa ukoo akabaki kizingitini, maji yamemfika gotini, akagoma kuhama. Alama ilichorwa kwa ajili yake.

Shemeji yangu Guangbao alikubali mwanawe aandikiwe alama nyingine, eti kompyuta haina yetu. "Jina si linasomeka vilevile?" akasema. Guangbao alipofariki, wazee walikataa kuchonga jina la kijana huyo kwenye jiwe la kaburi la baba yake, pale majina ya watoto walio hai yanapopakwa rangi nyekundu. "Huyu ni wa ukoo mwingine." Kijana alilia kaburini kwa baba yake kama mgeni.

Kwa hiyo zamu ya binti yangu Lingxi ilipofika, nilikwenda naye ofisi ya vitambulisho.

"Mama, chagua alama nyingine," karani akasema. "Mashine haiijui hii."

"Mashine ina umri gani?"

"Miaka minne."

"Basi imsalimie mkubwa wake."

Mwanamume kwenye foleni akapaza sauti: "Dada, mwandikishe ukoo wa Li kama watu wengine, tukale cha mchana!"

"Kamwandikishe mkeo!"

Watu wakacheka. Karani hakucheka. "Usajili wa mtihani wa chuo kikuu unafungwa Ijumaa. Bila kitambulisho hafanyi. Unamponza mwanao mwenyewe."

Nikamgeukia Lingxi, nikiwa tayari kukubali.

"Mama, mimi sihami," akasema.

Tukasimama dirishani Jumatano nzima, na Alhamisi. Ijumaa asubuhi mkuu wao, amechoka kutuona, akaiandika alama kwa mkono kwenye cheti cha muda, akagonga muhuri. Tukawahi usajili.

Karatasi ya kuingilia mtihani ilikuja na kisanduku kitupu mahali pa ukoo. Lingxi akachukua kalamu, akachora paa, maji, mguu.

Msikubali kubadilishiwa, hata wakiwatisha na mtihani. Kitambulisho chenyewe bado hawajatoa. Jumatatu tunarudi dirishani, na safari hii nabeba kigoda.