Betri ya Chini ya Kitanda cha Mama Kabira

Kwanza ieleweke kwamba karavani ile haikuwa ya wanaume. Kila msimu wa kambi za jangwani walilala humo mke wa bosi, dada zake na mama mzazi wa bosi, na dereva, hata awe malaika, mwisho wake ulikuwa ngazini. Sasa fundi aliyeitengeneza aliona mahali pazuri pa kuficha betri nne za umeme wa karavani ni chini ya kitanda cha mwisho kabisa, alikolala huyo mama mzee, Mama Kabira. Fundi huyo bila shaka hakuwahi kuongeza maji ya betri maishani mwake.

Nyumbani Muaither, mtaa wa Doha, karavani ikiwa tupu, dereva Mutai aliingia akafanya kazi hiyo mwenyewe. Kambini ilimwangukia Jebet, msichana wa kazi, ambaye kabla ya kuja Doha betri alizozijua ni za tochi na redio. Mutai alimfundisha akiwa nje, mdomo kwenye wavu wa dirisha. Kila Ijumaa Jebet alilala kifudifudi, akaingiza mkono kwenye kijimlango cha mbao chini ya kitanda, akafungua vifuniko kwa kupapasa. Alikuwa na bomba kubwa la sindano lenye mpira mwembamba wa dripu mdomoni, kioo cha kujipodolea cha madamu, na tochi ya simu.

"Maji yamefunika zile sahani za ndani?" Mutai aliuliza kutoka nje.

"Yamefunika."

"Umeyaona ama unabahatisha?"

"Nimeyaona, Mutai. Kwani mimi ni kipofu?"

Betri tatu za mbele aliziona kweli. Ya nne ilijibana konani nyuma ya tangi la maji, na haikufikika mpaka godoro liinuliwe. Nani ainue godoro na mwenyewe yuko juu yake? Mama Kabira alikuwa mzito, mapafu yake yamechoka, na mashine ya kumsaidia kupumua ilinguruma kando yake mchana na usiku. Jebet alipomwomba ainuke kidogo tu, alipunga mkono.

"Khalas. Bukra."

Basi, kesho, yaani. Lakini kesho ya Mama Kabira haikuwa na haraka ya kufika. Jebet alijua akimwambia Mutai, Mutai atamwambia bosi, bosi atamuuliza mkewe, na madamu atataka kujua tangu lini msichana wa kazi anamshtaki mama mzee. Kwa hiyo Ijumaa baada ya Ijumaa alijibu dirishani vilevile, kwamba ameyaona. Moyo ulimsuta, lakini taa ziliwaka, mashine ikanguruma, naye akajipa moyo kwamba betri tatu zitambeba mwenzao.

Hazikumbeba. Alasiri moja jenereta ya kuchaji betri ilikuwa imepelekwa mjini kutengenezwa, wanaume wamekwenda kambi ya jirani kutazama kipanga mpya wa kuwindia, wanawake nao wako hukohuko kwa wenyeji wao. Taa ya karavani ilififia. Mashine ikapiga kelele kidogo, kisha ikanyamaza.

Jebet alipiga ukelele. Mutai akaja mbio na mtungi wa oksijeni wa akiba kutoka kwenye Land Cruiser, akausukuma juu ya ngazi, mwenyewe akabaki chini.

"Zungusha koki! Kushoto!"

Jebet alizungusha. Mikono ilimteleza kwa jasho, na koki haikusogea. Midomo ya Mama Kabira ilikuwa inageuka rangi ya majivu.

"Mutai, ingia!"

"Jebet, unajua siwezi."

"Anakufa! Wewe, ingia!"

Mutai alitazama huku na huku. Kisha, Mungu wangu, akainama akavua viatu. Mzee anakata roho na yeye anakumbuka adabu! Akaingia, akafungua koki kwa mkupuo mmoja, akampa Jebet barakoa amvishe mzee, naye akageuka akatazama ukuta, ameshika mtungi, mpaka kifua cha Mama Kabira kikaanza kupanda na kushuka sawasawa.

Viatu ndivyo vilivyomponza. Bosi alirudi na shemeji zake na wageni, na kitu cha kwanza walichokiona wote ni viatu vya mwanamume kwenye ngazi ya karavani ya wanawake. Pengine angekuja peke yake mambo yangekuwa mengine. Aliingia akambusu mama yake kichwani, akalia, alilia kweli. Alipotoka, wageni walikuwa bado wamesimama palepale.

"Nilikuuliza habari za betri," alimwambia Mutai. "Ukasema zimejaa."

"Nilisema, baba."

"Uliziona kwa macho yako?"

Mutai alimtazama Jebet mara moja tu. "Sikuziona."

"Basi utarudi kwenu."

Neno moja lingemwokoa Mutai, na neno hilohilo lingempandisha yeye ndege. Akamtazama Mama Kabira, ambaye, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, alisikia kila kitu, na ambaye alijua vizuri nani alikataa kuinuka. Macho yao yalikutana. Mama Kabira akageukia ukutani. Jebet akainamisha yake kwenye zulia, na aibu aliyoisikia siku hiyo hakuwahi kuisikia tena maishani.

Siku ya kuondoka, Mutai alimkabidhi galoni la maji ya betri.

"Ni ile ya kona, sivyo?"

Jebet aliitikia kwa kichwa.

"Ungeniambia tu. Ningekata kijimlango kwa nje, nikaifikia bila kusumbua mtu." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Jebet zaidi.

Ijumaa iliyofuata Jebet aliingia na bomba lake. Kitanda kilikuwa kitupu. Godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani, na Mama Kabira ameketi kwenye kiti karibu na mlango, anahema, mashine imewekwa miguuni pake.

Jebet alilala sakafuni, akafungua vifuniko vya betri mpya ya konani, akashusha kioo na tochi. Maji yalikuwa yamefunika sahani zote, yanametameta. Nje, dereva mgeni alikuwa anafuta gari na kusikiliza redio. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna swali la kuuliza.

Jebet aligeuza uso kuelekea wavu wa dirisha.

"Nimeyaona," akasema.