Harufu ya Nyuma ya Ukuta

Kazini walimwita Pua, na jina likamganda mpaka mumewe akalizoea. Viwanda vilivyolalamikiwa na majirani vilimwita aje kupima harufu inafika wapi na ina nguvu kiasi gani. Siku ya kazi hakujipaka chochote kinachonukia, wala hakugusa kitunguu.

Safari hii aliitwa na kiwanda cha kuchemsha mifupa. Mama mmoja wa mtaa wa jirani alikuwa anapiga simu kila asubuhi: watoto wanatapika, chakula hakipiti kooni.

"Huyo ana kinyongo na sisi," meneja alisema. "Nenda kanuse, utuambie."

Pua alianzia kwenye uzio, upepo ukimpiga mgongoni. Hapo harufu ilikuwa nzito, kama mafuta yaliyoungua. Alivaa barakoa ya mkaa kupumzisha pua, akasogea mbele, akaivua, akakibana puani kifaa chake cha kupimia harufu na kuvuta pumzi. Kadiri alivyoingia mtaani, mafuta yale yalififia. Alipofika kwa yule mama hayakuwepo tena. Kulikuwa na harufu nyingine.

Mama alimfungulia akiwa amejiziba pua kwa kitambaa. "Umeisikia mwenyewe?"

"Nimeisikia, dada. Lakini hii si ya kiwanda."

"Nilijua tu. Wamekutuma useme hivyo."

"Nyuma ya ukuta huu anakaa nani?"

"Baba mkwe. Hatusemezani naye tangu tumzike mama mkwe." Akautazama ukuta, sauti ikamshuka. "Redio yake ilinyamaza. Mimi nikashukuru."

Walizunguka wakagonga kwake, hakuna aliyefungua. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mume wa yule mama, fundi magari, aliitwa kutoka gereji, akaja na mtaimbo, mikono imejaa grisi. Pua alimwambia mama awapeleke watoto mbali. Yeye alishajua kabla mlango haujang'oka.

Mzee alikuwa sakafuni kando ya kitanda, mkono mmoja ameuegemeza kwenye ukuta waliouchangia na mwanawe.

Mama alikuwa amerudi, amesimama nyuma yao. "Tulisikia anagongagonga," alisema. "Nikakwambia, baba yako ameanza vituko vyake."

Fundi hakumgeukia. Alimtazama Pua. "Wewe unajua harufu. Amekaa hapa muda gani?"

"Hospitali ndio watasema, kaka."

"Nakuuliza wewe."

"Siku nyingi."

Fundi alitikisa kichwa taratibu, akakaa kizingitini, akaanza kujifuta grisi kwenye suruali.

Jioni meneja alipiga simu, sauti imechangamka. "Kwa hiyo sisi hatumo."

"Kwa mama yule hammo," Pua alijibu. "Kwenye uzio mmo. Nitasema yote mawili."

Akayasema yote mawili. Meneja akalishika moja, la kwa yule mama, akalitangaza mtaa mzima.

Majira yalipobadilika, Pua alirudi kupima tena. Upepo ulikuwa umeongezeka nguvu, na safari hii harufu ya mifupa ilikuwa imejaa uani kwa yule mama. Alimkuta anaanua nguo polepole, amekonda. Walisalimiana.

"Leo ni wao kweli," Pua alimwambia. "Mbona hupigi simu?"

"Nipige niseme nini, dada?"

Alikunja shuka, akaingia nayo ndani.